Ng'ombe wa miguu sita kwenye mwambao wa Kemondo

Barabara inayotoka Bukoba mjini kwenda Muleba inapanda na kushuka kati ya migomba. Chini ya migomba kuna mibuni, na katikati ya mibuni, hatua chache kutoka kwenye mlango wa nyumba, mara nyingi kuna kaburi. Wahaya huzika nyumbani, ndani ya kibanja. Anayepita kwa basi huona kijani kitupu. Anayetembea kwa miguu huona pia makaburi.

Kilomita zipatazo 20 kusini mwa mji, upande wa kushoto, ziwa linajitokeza. Hapo ni Kemondo. Kuna ghuba, gati, maghala, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, harufu ya dagaa na kelele za bodaboda. Meli ya MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, hutoka Mwanza jioni na kugusa Kemondo alfajiri kabla ya kumalizia safari yake Bukoba. Wakati huo mama wa chai ameshawasha moto, na vijana wa mizigo wako tayari. Watoto wa jirani, ambao walipaswa kuwa wamelala, wamesimama gizani kuangalia taa za meli zikikua.

Ni mahali pazuri kwa macho. Novemba ikifika, senene huanguka kwenye taa usiku kama mvua ya kijani, na mtu mzima mwenye heshima zake hukimbia na ndoo kama mtoto. Mgeni anayeona jambo hilo mara ya kwanza hudhani anaota. Kwa wenyeji ni kitoweo.

Mahali pa namna hii, mtoto akipata kipande cha mkaa, ukuta wa jikoni hauponi. Atachora meli kwanza, kwa sababu meli ndicho kitu kikubwa kuliko vyote anavyovijua. Kisha meli itaota miguu. Samaki atakuwa na mabawa, jua litavaa kofia, na ng'ombe atakuwa na miguu sita. Halafu mtu mzima atatokea mlangoni, atainamisha kichwa kidogo, na atasema maneno ambayo karibu kila mzazi ameshayasema: "Ng'ombe gani huyu ana miguu sita?"

Mtoto atafuta miguu miwili. Mara nyingi, baada ya hapo, ataacha kuchora.

Kabla mzazi hajasema kwamba hilo ni jambo dogo, inafaa atazame ni kina nani wamewahi kuchora kwenye mwambao huu, na walichora wakati gani.

Wa kwanza wanaojulikana walikuwa wafua chuma. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alichimba hapa Kemondo na kukuta mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la sayansi, na sifa za mafundi wa kale wa Buhaya zikafika mbali. Watu wengi wanaoijua habari hiyo hukumbuka chuma. Wachache hukumbuka vyungu.

Vyungu vya zama hizo, ambavyo wataalamu huviita vya Urewe, vimepambwa. Vina mistari iliyokwaruzwa shingoni, vina pembe na mizunguko, na vingine vimebonyezwa kishimo chini kwenye kitako, mahali ambapo chungu kikikaa chini hakuna anayepaona. Waliovifinyanga waliishi karibu na kazi ya moto, moshi na jasho, kazi ya kukata kuni na kuvukuta usiku na mchana. Uji ungeiva vilevile kwenye chungu kitupu. Lakini mtu alikaa akachora.

Kwingine Kagera, upande wa Bwanjai kaskazini magharibi mwa Bukoba, kuna miamba yenye michoro myekundu ya kale. Hii nayo haikuchorwa ili ifanane na kitu kama picha ya kamera. Ni maumbo yaliyorahisishwa mno, mistari michache tu, na anayeyatazama inabidi amalizie mwenyewe.

Na masimulizi ya Kihaya hayakuwahi kuogopa mambo yasiyowezekana. Ziwa na dhoruba vilikuwa na mwenyewe, Mugasha. Pori lilikuwa na Irungu. Mababu waliosimulia habari hizo mekoni usiku hawakuwa watu waliopotea akili. Walikuwa wavuvi na wakulima wenye hesabu kali za mavuno na mahari. Ila walijua kwamba ziwa lina siku zake, na siku hizo mtu huhitaji kitu zaidi ya hesabu.

Siku hizo zimekuwa nyingi. Mkoa huu umepata sehemu yake ya msiba, na pengine zaidi ya sehemu yake.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilianza kaskazini mwa mkoa, na wakimbizi wa ndani waliteremka kusini na magodoro kichwani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera. Kilichofuata kila familia ya Bukoba na Muleba inakijua bila kuambiwa. Watu wa makamo waliondoka, na kwenye kibanja wakabaki bibi na wajukuu. Makaburi yale ya barabarani, mengi ni ya miaka hiyo.

Kisha ikaja MV Bukoba. Iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia hapa Kemondo, na hapa ikapakia abiria zaidi na mizigo zaidi. Asubuhi ya tarehe 21 ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi wao walizikwa pamoja huko Igoma, Mwanza, mbali na vibanja vyao. Kwa Mhaya hilo lilikuwa ni msiba juu ya msiba. Gati la Kemondo ni lilelile. Watu wanaopanda meli leo wanapita mahali ambapo wengine walipita wakiwa na tiketi mkononi, na wako wazee ambao hadi leo hawapandi.

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Muleba, na ndizi, ambayo kwa Mhaya ndiyo chakula chenyewe, ikaanza kuoza ikiwa shambani. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, ardhi ilitikisika. Watu 17 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, wakafa watu 19, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika kuokoa. Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Halmashauri ya Bukoba, halmashauri ambayo Kemondo imo. Walithibitika au kushukiwa wagonjwa tisa, sita wakafariki, na hadi tarehe 2 Juni mlipuko ulipotangazwa kuisha watu walikuwa wanasalimiana kwa mbali. Mtoto aliyezoea kupiga goti mbele ya bibi yake na kushikwa mkono aliambiwa abaki kule kule.

Mtoto aliyezaliwa Kemondo mwaka 2012 amepitia tetemeko, ndege na Marburg kabla ya kumaliza darasa la sita. Hajaulizwa mengi kuhusu mambo hayo. Kwa desturi, msibani watoto hupelekwa kwa jirani. Wakirudi, kaburi limeshafunikwa.

Watu wa Muleba walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kusema kwamba hilo halitoshi. Nshamba, kwenye vilima vya Muleba, ulianzishwa katika miaka ya 1990 mradi ulioitwa Humuliza, kwa msaada wa shirika la terre des hommes la Uswisi. Jina hilo ni la Kihaya, na maana yake ni kufariji, kuliwaza. Wakati ule misaada mingi kwa yatima ilikuwa sare, daftari na mahindi. Humuliza walisema kuna kitu kingine kinachomla mtoto ambacho mahindi hayakifikii, nacho ni majonzi yasiyo na mahali pa kwenda. Waliandaa mafunzo kwa walimu ili waweze kumtambua mtoto aliyenyamaza kwa huzuni, yule ambaye darasani huitwa mvivu. Yatima wenyewe waliokua wakubwa waliunda umoja wao, Vijana Simama Imara. Na kwa kuwa waliobaki kulea walikuwa bibi na babu, mwaka 2003 hapohapo Nshamba ulianza mradi wa Kwa Wazee, unaowapa wazee walezi kiasi kidogo cha fedha kila mwezi.

Kazi ya namna hiyo ilienea kusini na mashariki mwa Afrika, na ndani yake mchoro ulipata nafasi ambayo wazazi wengi hawaitarajii. Mfano unaojulikana zaidi ni Mti wa Maisha. Uliundwa na mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, akishirikiana na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi kutokana na ukimwi. Ulikuja kwa sababu wahudumu walikuwa wanakwama: ukimwuliza mtoto moja kwa moja kuhusu kifo cha mama yake, unamrudisha kwenye kitanda cha hospitali na unamwacha huko.

Kwa hiyo hawamwulizi. Wanampa karatasi na rangi, wanamwambia achore mti. Mizizi ni alikotoka: kijiji, ukoo, waliomtangulia. Ardhi ni mambo anayofanya kila siku, kuchota maji, kwenda shule, kucheza mpira. Shina ni yale anayoyaweza. Matawi ni anayoyatamani. Majani ni watu anaowapenda, na hapa hakuna anayeuliza yupi yu hai na yupi amekufa. Jani la marehemu baba linakaa tawi moja na jani la mjomba wa Mwanza. Matunda ni mambo mema aliyopewa na watu.

Ni mti usiokuwepo popote duniani. Unaweza kuwa wa zambarau. Unaweza kuwa na majani matatu au mia, na tunda la muembe na la mpapai kwenye tawi moja. Hakuna anayesahihisha. Baadaye michoro yote inabandikwa ukutani pamoja, inakuwa msitu, na ni hapo tu, watoto wakiwa wamesimama mbele ya msitu wao, ndipo mazungumzo yanapogusa dhoruba: miti hukutwa na dhoruba gani, na dhoruba ikija hufanyaje? Mtoto ambaye hawezi kusema "mimi niliogopa" anaweza kabisa kusema mti wake uliogopa.

Mwambao wa Kemondo, ambako dhoruba si neno la kitabuni, hilo halihitaji maelezo marefu.

Mzazi anaweza kusema hayo ni ya wataalamu na yatima. Lakini kuna watu wazima, Watanzania, ambao waligundua jambo hilohilo bila semina yoyote, na picha zao leo ziko kwenye nyumba za sanaa za Ulaya na Marekani. Walitoka upande mwingine kabisa wa nchi, kusini, karibu na Msumbiji, na walikuwa maskini.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam akashika kibarua kimoja baada ya kingine. Karibu mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya mbao laini za dari, kwa rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupaka baiskeli na milango, kwa sababu ndiyo aliyoweza kuinunua. Alichora chui wenye macho ya kushangaa, ndege wenye shingo zisizokwisha, tembo wa madoadoa. Havikufanana na wanyama wa mbugani, na ndiyo sababu watu walisimama Oysterbay kuvitazama na kununua. Alikufa mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40, kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, waliendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Wa pili anafaa kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu shida zake zilidumu. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika eneo la Masasi. Alikuwa Mmakonde na alijua kuchonga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, na kwa njia ya mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii kilichoanzishwa na mtawa wa Kikatoliki, Sista Jean Pruitt. Kazi aliyopewa ilikuwa ya ulinzi wa usiku. Kutoka kwenye ulinzi akahamia kwenye uchoraji, na hakurudi tena getini.

Lilanga alichora mashetani. Neno hilo huenda likamshtua msomaji wa Kagera aliyezoea kulisikia kanisani au msikitini tu, kwa hiyo inafaa kufafanua. Katika sanaa ya Kimakonde ya karne iliyopita, shetani ni kiumbe wa ajabu wa porini na wa masimulizi, mwenye jicho moja, sikio kubwa, mkono uliogeuka. Inasimuliwa kwamba mtindo huo ulizaliwa na ajali. Mchongaji Samaki Likankoa alikuwa anapeleka sanamu ya mtu kwa mfanyabiashara Mohamed Peera, Dar es Salaam, katika miaka ya 1950. Njiani mkono wa sanamu ukavunjika. Badala ya kuitupa, Samaki aliichongachonga upya, akaitoboa tundu, akaipa sura ya kiumbe asiyejulikana. Peera alipoiona alitaka nyingine. Kwa hiyo aina nzima ya sanaa, inayojulikana dunia nzima, ilianza na kitu kilichovunjika mkononi mwa mtu aliyekuwa na haja ya fedha ya chakula.

Mashetani wa Lilanga walikuwa wa kuchekesha kuliko wote. Matumbo yamechomoza, masikio yamepanuka kama majani ya mgomba, vidole viwili au vitatu, midomo imeachama kwa kicheko. Aliwavika nguo za rangi kali na akawatuma kufanya mambo ya watu: wanapanga foleni zahanatini, wanakunywa, wanagombana, wanabeba watoto. Mtazamaji anacheka kwanza. Baadaye anaona kwamba foleni ile ya zahanati anaifahamu, na yule mwenye sikio kubwa aliyeinama kwenye kona ni mgonjwa kweli.

Lilanga naye alikuwa mgonjwa kweli. Kisukari kilimsumbua kwa miaka mingi, na mwishoni kilimpotezea miguu. Mtu aliyechora viumbe wanaorukaruka alikuwa hawezi kusimama. Hakuacha. Alikaa na kufanya kazi, akizungukwa na jamaa na wasaidizi wake vijana, na rangi hazikufifia. Njano ilibaki njano na bluu ikabaki bluu. Alifariki Dar es Salaam mwezi Juni 2005. Miezi hiyohiyo kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika yaliyozunguka nchi kadhaa.

Ingekuwa uongo kusema uchoraji ulimponya. Haukuirudisha miguu, kama ambavyo Mti wa Maisha haumrudishi mama. Watu wanaouza sanaa kama dawa ya kila kitu wanapaswa kutazamwa kwa jicho moja, kama wanavyotazamwa wanaouza mizizi ya kutibu magonjwa 40. Kilichotokea kwa Lilanga ni kidogo zaidi, na pengine ni cha kuaminika zaidi: kwa saa kadhaa kila siku kulikuwa na mahali ambapo mwili wake haukuwa unamtawala. Kisha jioni iliingia, na sindano ya sukari ilikuwa palepale.

Mtoto anapochora ng'ombe wa miguu sita, naye anatengeneza mahali kama hapo. Kule ndani yeye ndiye mwenye amri. Ziwa likitulia, limetulia kwa sababu yeye amesema. Duniani kwingine kote mtoto haamui chochote. Haamui ada italipwa lini, wala baba atarudi kutoka visiwani siku gani, wala kwa nini nyumba ya jirani imefungwa kwa kufuli. Anaambiwa nyamaza, sogea, lala. Karatasi ndiyo eneo pekee analomiliki. Mtu mzima anayeingia humo na kupunguza miguu ya ng'ombe ameingia shamba la watu.

Hii haimaanishi kila mchoro wa ajabu una huzuni nyuma yake. Mara nyingi ng'ombe ana miguu sita kwa sababu mtoto alifurahia kuchora miguu akasahau kuhesabu. Mzazi asigeuke mpelelezi. Lakini mtoto anayechora kitu kilekile cha kutisha wiki baada ya wiki, asiyecheza tena, asiyelala vizuri au anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, huyo anahitaji zaidi ya rangi. Apelekwe kituo cha afya, na mwalimu wake aambiwe.

Kwa wengine wote gharama ni ndogo. Boksi la rangi linaweza kuwa ghali mwezi ambao dagaa hawajapatikana, ila Kemondo rangi zimelala chini. Mkaa unatoa nyeusi. Udongo mwekundu wa barabarani, ukichujwa na kuchanganywa na uji mwepesi wa unga ili ushike, unatoa rangi ya matofali. Majivu meupe yanapunguza ukali. Kahawa, ambayo Bukoba haiwezi kukosekana, ikichemshwa nzito inatoa rangi ya kahawia inayokolea kila inapopakwa tena. Na kuna utomvu wa mgomba, adui wa kila mama anayefua. Ukidondokea shati jeupe hautoki hadi shati linazeeka. Kitu chenye ukaidi wa namna hiyo ni wino uliokuwa unasubiri kazi. Mtoto avae tu nguo ya shambani.

Karatasi nazo zipo: upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana, boksi la sabuni lililopasuliwa, mfuko wa saruji ambao vumbi lake limekung'utwa vizuri nje. Ukuta wa jiko la nje ni bora kuliko vyote, kwa sababu mvua ikinyesha unaosha, na Kagera mvua haichelewi.

Jambo gumu ni la mtu mzima, la kuzuia ulimi. "Hii ni nini?" ni swali la mtihani, na mtoto atatafuta jibu sahihi. "Nisimulie" humfungulia mlango. Bibi wa Kemondo, ambaye utotoni alikaa mekoni akisikiliza habari za Mugasha, ana faida kubwa hapa kuliko mzazi kijana mwenye simu mkononi, kwa kuwa amezoea viumbe wasiowezekana na hajui kuwaonea aibu. Anaweza kukaa kwenye kigoda chake, akatafuna punje mbili za kahawa, akamwuliza mjukuu kwa uso mkavu kabisa ng'ombe huyo anakula nini, na amezaa mara ngapi, na analala wapi.

Jibu laweza kuwa kwamba analala melini.

Meli gani hiyo, mjukuu wangu?

Ile yenye miguu, bibi. Maji yakiwa mabaya inatembea chini hadi Mwanza.

Bibi atatikisa kichwa, atasema basi ni vizuri ina miguu, na ataagiza mkaa mwingine uletwe kabla moto haujaumaliza.